Tuzo za habari za kweli: zinapima nini, na sisi wa Fizi tuzisome namna gani



Mwaka 2010 shirika la International Press Institute, lenye makao yake Vienna kule Austria, lilitoa tuzo ya Free Media Pioneer kwa Radio Okapi. Nimeuliza marafiki kama kumi hivi mu kikundi chetu kama walijua. Hakuna aliyejua. Okapi wanaifahamu wote, sauti za watangazaji wake wanaziiga wakiwa wanacheka, lakini kwamba kuna watu mbali huko waliosema "hii redio inastahili heshima", habari hiyo haikufika huku. Mmoja akaniuliza: "Sasa wewe agronomu, tuzo ya habari inakuhusu nini? Na inapima nini hasa?"

Swali la kwanza nitalijibu polepole. La pili njo kiini cha maandishi haya. Tuzo ni nyingi, vyeti ni vingi, na kila kimoja kinapima kitu chake. Mwenye kuvichanganya anaweza kuamini shirika lisilostahili, ao kudharau lile linalofanya kazi bila kelele.

Nianze na Okapi, sababu ni mfano wa karibu na tuna mengi ya kujifunza ndani yake.

Radio Okapi ilianza kusikika tarehe 25 Februari 2002. Siku ile ile Mazungumzo ya Wakongomani yalifunguliwa Sun City, Afrika Kusini. Nchi ilikuwa imekatika vipande. Kinshasa ilikuwa na serikali yake, RCD ilishika mashariki, MLC ilishika kaskazini, na kila upande ulikuwa na sauti zake za kuusifu. Huku Fizi, RCD na Mai-Mai waligombania milima na barabara. Mutu wa Baraka hakuwa na njia rahisi ya kujua wenzake wa Kisangani ao Mbandaka wanaishi namna gani. Umoja wa Mataifa, kupitia MONUC, pamoja na Fondation Hirondelle ya Lausanne, Uswisi, wakaweka redio moja yenye kusikika pande zote za mistari ya vita. Waandishi wake wengi ni Wakongomani, na lugha ni tano: Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo.

Tufikiri kidogo maana ya jambo hilo. Mutu aliye upande wa RCD anasikia habari ileile na aliye Kinshasa. Ukipotosha jambo la upande mmoja, kuna watu wa upande ule wanaosikiliza na wanaojua lilivyokuwa. Kwangu mimi, hapa njo nguvu ya Okapi ilipotoka, zaidi hata ya mitambo yake: ilikuwa na wasikilizaji wenye uwezo wa kuihukumu. Redio inayosikika tu kwa watu wanaofikiri sawasawa haina mutu wa kuiambia "hapa apana, haikuwa hivyo".

Kwa watu wa Fizi habari ya kweli ilikuwa jambo la uhai. Wengi wa kizazi chetu walizaliwa ao walikulia Nyarugusu na Lugufu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Oktoba 2005 HCR ilianza kuwarudisha watu kwa boti, kutoka Kigoma hadi Baraka. Hebu jiweke mu nafasi ya baba mwenye watoto sita ndani ya kambi. Anaulizwa: unarudi ao unabaki? Hahitaji hotuba. Anataka kujua kama Mboko kumetulia, kama barabara ya Lulimba inapitika, kama shamba lake la mihogo limekaliwa na mwingine. Akipewa uongo wa kupendeza, anaipeleka familia yake mu risasi. Akipewa uongo wa kutisha, anabaki kambini miaka mingine, na shamba linageuka msitu. Wazee wetu wanasimulia kwamba walikuwa wanalinganisha: redio imesema nini, barua imesema nini, na mutu aliyevuka ziwa jana amesema nini. Hawakusoma shule ya uandishi wa habari, lakini kazi waliyoifanya njo ile ile ambayo leo inaitwa uhakiki.

Na kazi hiyo ilikuwa na bei. Serge Maheshe, katibu wa uhariri wa Okapi mu Bukavu, aliuawa kwa risasi tarehe 13 Juni 2007. Mwaka mmoja na miezi mitano baadaye, tarehe 21 Novemba 2008, mwenzake Didace Namujimbo aliuawa pia, palepale Bukavu. Tuzo ya IPI ilikuja mwaka 2010, redio ikiwa bado na makaburi hayo mawili mabichi. Ukiisoma tuzo hiyo bila kuwajua hawa wawili, umeisoma nusu.

Lakini tuangalie inasema nini na haisemi nini. Free Media Pioneer inatolewa tangu 1996 kwa wale wanaopigania vyombo vya habari huru katika nchi ao eneo lao. Ni tuzo ya heshima. Inatazama kazi nzima, mazingira, hatari, mchango. Haiwi mtihani wa taarifa moja moja, na haimwambii msikilizaji kwamba habari ya kesho asubuhi itakuwa kweli. Tena si kinga. Desemba 2012 Okapi ilikatwa hewani Kinshasa kwa siku kadhaa, baada ya kuhojiana na kiongozi wa M23 wa wakati ule. Tuzo ilikuwepo, na mitambo ilinyamazishwa.

Mu Bukavu tumeona pia tuzo zinazomwendea mutu mmoja. Solange Lusiku, aliyeongoza gazeti la Le Souverain hadi alipofariki 2018, alipewa tuzo ya ujasiri ya International Women's Media Foundation mwaka 2014. Caddy Adzuba, mwandishi wa Okapi, alipata tuzo ya Prince of Asturias mwaka huo huo. Tunajivunia, na ni haki. Ila ujasiri wa mutu mmoja hauambukizi ofisi nzima. Shirika linaweza kuwa na shujaa mmoja na fishi ishirini za uongo ndani ya kabati.

Sasa nirudi ku mambo ya shamba, na hapa nitajibu swali la rafiki yangu.

Sisi wa agronomia tuna tatizo lilelile la waandishi, tena la zamani kuliko lao. Mbegu nzuri na mbegu mbaya kwa macho zinafanana. Mama anayenunua mahindi ya kupanda sokoni Baraka hawezi kuona ndani ya punje. Vipandikizi vya mihogo vinaweza kuonekana vinene na vya kijani, kumbe ugonjwa wa mozaiki umo ndani, na atakuja kuuona baadaye, majani yakishajikunja, msimu ukishapotea. Habari nayo ni hivyo. Unaipanda leo, matunda yake unayaona wakati huwezi tena kuing'oa.

Ili kutatua hilo, ulimwengu wa mbegu una njia mbili, na ni tofauti kabisa.

Njia ya kwanza ni mashindano. Mu maonyesho ya kilimo, mkulima analeta muhogo wake mkubwa kuliko yote, watu wanapiga makofi, anapewa jembe na cheti. Vizuri sana. Lakini cheti hicho kinahusu ule muhogo mmoja. Hakisemi lolote juu ya hekta nzima aliyoiacha nyumbani, na yeye ndiye aliyechagua muhogo wa kuleta.

Njia ya pili ni uthibitisho. Hapa Kongo kazi hiyo ni ya SENASEM, huduma ya taifa ya mbegu. Mkaguzi anakuja shambani mmea ukiwa bado unakua. Anauliza mbegu mama ilitoka wapi. Anaangalia shamba liko umbali gani na shamba la jirani, ili chavua zisichanganyike. Anatafuta mimea isiyo ya aina ile, anatafuta magonjwa. Baada ya mavuno sampuli inakwenda maabara: usafi, unyevu, punje ngapi zinaota. Mwishoni kunawekwa lebo yenye namba ya fungu, kusudi matatizo yakitokea tujue turudi wapi. Hakuna anayepiga makofi. Ni kazi ya kuchosha, ya matope ku viatu. Lakini inamwambia yule mama wa soko kitu ambacho mashindano hayawezi kumwambia.

Kuna pia njia ya katikati, na hii naipenda kwa ajili ya fasi kama zetu ambako mkaguzi hafiki kirahisi. FAO mwaka 1993 ilitoa utaratibu wa mbegu ya ubora uliotangazwa, ukarekebishwa 2006. Mzalishaji mwenyewe anatangaza ubora wa mbegu yake kufuatana na kanuni zilizoandikwa, na mamlaka inakagua sehemu tu, angalau asilimia 10 ya mashamba. Mwaka 2010 walitoa kanuni za namna hiyo kwa mimea ya vipandikizi, muhogo ukiwa ndani. Yaani mwaka uleule wa tuzo ya Okapi. Hakuna uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili, ni mimi tu niliyefurahi kuona.

Ukiwa na picha hiyo ya mbegu kichwani, tuzo na vyeti vya habari vinakuwa vyepesi kusoma.

Chukua African Fact-Checking Awards. Zilianzishwa mwaka 2014 na Africa Check. Hizo ni mashindano: mwandishi anapeleka kazi moja aliyochapisha, iliyochunguza kama dai fulani ni kweli ao uongo, na majaji wanasoma ile kazi. Wanapokea kwa Kifaransa pia, na kuna tuzo ya wanafunzi wa uandishi wa habari. (Nyinyi mulio bado chuoni mu idara hiyo, sioni kwa nini musijaribu.) Ni muhogo mkubwa wa maonyesho, na siudharau. Ili uulete lazima uwe umejua kulima.

Kisha kuna Mtandao wa Kimataifa wa Wahakiki wa Habari, IFCN, ulioanzishwa 2015 ndani ya taasisi ya Poynter huko Marekani. Mwaka 2016 ulitoa kanuni zenye ahadi tano: kutopendelea upande, kuonyesha vyanzo, kuonyesha fedha zinatoka wapi na shirika ni la nani, kueleza namna ya kufanya kazi, na kusahihisha wazi makosa. Shirika linaloomba linachunguzwa na mutu wa nje, na likikubaliwa halipewi alama ya milele: baada ya muda linachunguzwa upya. Hapa tumetoka ku maonyesho, tumeingia shambani na mkaguzi.

Kwetu Kongo kazi hii ya kuhakiki si ngeni. Congo Check ilianza mwaka 2018, mwaka uleule Ebola ilipoanza kuua Kivu ya Kaskazini, na uvumi ukawa unakimbia kuliko magari ya chanjo. Agosti 2019 ugonjwa huo ulifika hata Mwenga, hapa Kivu ya Kusini. Kati ya Mwenga na Fizi kuna milima tu, na munakumbuka maneno yaliyosemwa wakati ule juu ya chanjo na juu ya waganga.

Halafu iko ile ambayo wenye redio za hapa wangepaswa kuisoma neno kwa neno: Journalism Trust Initiative, iliyoanzishwa na Reporters sans frontières. Kanuni zake zilichapishwa Desemba 2019 kama hati ya kamati ya Ulaya ya kuweka viwango, kamati ileile ya viwango vya mashine na vifaa. Kuna hatua tatu. Kwanza chombo cha habari kinajipima chenyewe kwa maswali: mwenye mali ni nani, nani analipa, nani anaamua kitangazwe nini, mukikosea munasahihisha namna gani, musikilizaji akilalamika anaenda wapi. Pili, majibu yanatangazwa hadharani, kila mutu asome. Tatu, mkaguzi wa nje anakuja kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kinachofanyika.

Mumeona? Hatua ya kwanza na ya pili ni ile mbegu ya ubora uliotangazwa. Hatua ya tatu ni SENASEM. Na hakuna mkaguzi anayekuja kusema "habari hii ni kweli, ile ni uongo". Anapima namna ya kulima. Wengine wanalalamika kwamba hiyo haitoshi, kwamba mutu anaweza kuwa na kanuni nzuri ukutani na bado akatangaza upuuzi. Ni kweli anaweza. Hata shamba lililokaguliwa linaweza kutoa fungu baya. Lakini lile fungu lina namba. Utajua lilitoka wapi, nani ajibu, na namna gani lirekebishwe. Habari isiyo na mwenyewe haina namba. Inatembea tu.

Swali la nani analipa nalo lina utamu wake, na Okapi yenyewe ni mfano. Redio hiyo ni ya Umoja wa Mataifa, MONUC zamani, MONUSCO tangu Julai 2010. Fondation Hirondelle iliondoka mu ushirikiano huo mwaka 2014. Sasa mutu wa Uvira ao Baraka anayeilaumu MONUSCO ana haki ya kuuliza: redio hii itaweza kusema mabaya ya mwenye nyumba? Mimi sioni swali hilo kama matusi. Kila chombo kina mwenye nyumba: mwanasiasa, kanisa, kampuni, mfadhili. Kanuni hizi hazikatazi kuwa na mwenye nyumba. Zinakataza kumficha.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda kwa sababu unaonyesha mwisho wa cheti. Tangu miaka ya 1990, shirika moja la Geneva, Health On the Net, lilikuwa linatoa alama kwa kurasa za afya za intaneti zilizokubali kanuni nane: nani ameandika, ana sifa gani, chanzo ni kipi, nani analipa, matangazo ya biashara yametenganishwa ao apana, na kadhalika. Kwa miaka mingi ile alama ilisaidia watu. Desemba 2022 shirika likafunga milango. Sasa fikiria: picha ya alama haifi siku mkaguzi anapokufa. Ni picha tu, mutu anaweza kuiacha palepale ku ukurasa wake. Ukiikuta leo, inakuambia kwamba zamani kuna mutu aliangalia. Sisi wa mbegu tunajua jambo hili: lebo ya fungu la misimu minne iliyopita haihakikishi tena uotaji, hata kama mfuko bado unang'aa. Kwa hiyo ukiona cheti chochote, kitu cha kwanza kusoma ni tarehe, kabla ya jina na kabla ya muhuri.

Na sasa niseme kitu ambacho hakitafurahisha wote. Kuna tuzo zinazouzwa. Shirika moja la vijana la hapa kwetu, sitalitaja, lilipokea barua pepe: "Hongera, mumechaguliwa kuwa shirika bora la habari na maendeleo." Waliomchagua hawakuwahi kufika Fizi, hawakuomba ripoti hata moja, hawakumpigia mutu simu. Lakini walitaka dola za "gharama za sherehe". Vijana wale walianza kuchanga. Mimi nawaambia wenzangu: mashindano ya kweli yana kanuni zinazosomeka kabla ya kushiriki, yana majaji wenye majina, na mushindi hanunui kikombe chake. Ukaguzi wa kweli unaweza kuwa na malipo, hilo lijulikane, sababu mkaguzi anafanya kazi, na hata SENASEM ukaguzi wake haufanyiki kwa hewa. Ila unalipia kukaguliwa, na unaweza kukaguliwa ukakataliwa. Ukilipa na jibu liko tayari ni "ndiyo", hapo umenunua fremu.

Kwa nini niwaandikie haya nyinyi, wengi wenu si waandishi wa habari? Sababu wasomi wa Fizi tumekuwa kiwanda cha habari bila kujua. Nani anahesabu nyumba kabla ya msaada kugawiwa? Nani anajaza orodha za waliokimbia? Nani anaandika mavuno ya msimu, bei ya mahindi, bei ya ndagala, idadi ya mashamba yenye mozaiki? Ni sisi, na simu zetu na fishi zetu, tukilipwa kwa siku. Namba zetu zinapanda boti na ndege, zinafika fasi ambako watu wanaamua chakula kiende wapi.

Niliwahi kufanya kazi ya muda mu mradi mmoja wa vipandikizi vya mihogo. Sisi wa uwanjani tulipima viwanja vya mfano vichache, karibu na barabara, ambako ardhi ni nzuri na palizi ilifanyika kwa wakati. Tukaandika vizuri: viwanja vingapi, viko wapi, vilipaliliwa mara ngapi. Ripoti ilipotoka, maneno "karibu na barabara" hayakuwemo. Mavuno ya viwanja vile yakawa mavuno ya vijiji vyote, hadi vya mlimani ambako hakuna hata aliyepanda juu kuvipima. Tuliuliza, tukaambiwa muhtasari hauna nafasi. Ofisi ile ilikuwa na vyeti vitatu vya shukrani ukutani, kimoja kinasifu "uwazi". Hakuna namba iliyobuniwa pale, nataka mufahamu hivyo. Kila namba ilikuwa kweli. Kilichoondolewa ni maneno matatu tu, na maneno yale ndiyo yalikuwa lebo ya mfuko.

Matokeo yake? Msimu uliofuata watu wa mlimani hawakuwekwa mu orodha ya vipandikizi vipya, sababu mavuno yao "yalikuwa mazuri".

Upande wa pili ni uvumi. Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, wote tuliokuwa Baraka tunakumbuka zile odio za WhatsApp. Kila saa sauti mpya: wamefika Kamanyola, wamefika Uvira, wako Mboko, wako njiani. Nyingine zilikuwa kweli kabla ya wakati wake, nyingine uongo mtupu, nyingine za mwaka mwingine kabisa. Watu walibeba magodoro kuelekea ziwani, bei ya boti ikapanda, wakina mama wakaacha mahindi yakiwa bado shambani. Na odio mbaya kuliko zote zilikuwa zile za kutaja kabila la mutu kama adui. Huku kwetu, tangu Fizi Centre hadi Milima ya Juu, maneno ya namna hiyo hayaishii ku simu. Yanafika ku panga.

Mu siku zile hakuna aliyeuliza redio fulani ina tuzo gani. Tuliuliza kama wazee wa Nyarugusu: nani amesema, alikuwa wapi, ameona ao amesikia, na jana alipokosea alirudi kusema? Swali la mwisho njo lilichuja zaidi. Kulikuwa na vijana wawili watatu mu vikundi vyetu ambao, wakipeleka habari na baadaye wakaona si kweli, walirudi kuandika: "Ile ya saa nne haikuwa kweli, naomba muifute." Baada ya siku tatu, watu wakaanza kungojea wao waseme kwanza.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati yetu, kabla hatujaomba tuzo yoyote, ni dogo na halina gharama kubwa. Tuchukue maswali ya hatua ya kwanza ya Journalism Trust Initiative, tuyajibu sisi kama chama, tubandike majibu hapa ku ukurasa: viongozi ni nani, fedha za mwaka huu zimetoka wapi, nani anasoma maandishi kabla ya kutoka. Tununue daftari moja la makosa, la kurasa mia mbili. Kila kosa lililotangazwa na ukurasa huu ao lililomo mu fishi za uchunguzi tulizosaini liandikwe humo: tarehe, kosa, aliyeligundua, siku lilipotangazwa sahihisho. Daftari likae ku sekretariati, mwanachama yeyote aweze kulifungua. Na kila ripoti tunayosaini iwe na mstari mmoja unaosema tulipima wapi na wapi hatukufika.

Agronomu yeyote wa SENASEM ataitambua karatasi hiyo. Mimi niko tayari kuandika ukurasa wa kwanza na kuleta daftari Jumamosi, mukutano ukifanyika kama ilivyotangazwa. Wenye wazo tofauti waandike hapa chini, ila tafadhali mutaje majina yenu.